Kiti cha Thelathini na Saba

Kwa miaka thelathini na sita Arlys Tesmer aliuza tiketi za onyesho la ngoma na tarumbeta la mji wa Osterfeld, Wisconsin, na katika miaka yote hiyo hakuliona hata mara moja. Alilisikia tu. Kibanda chake kilikuwa chini ya jukwaa kuu la watazamaji, na jukwaa lenyewe ni la zege, kwa hiyo kikosi cha vijana kilipoanza kupiga, mtetemo ulishuka ukutani ukampanda miguuni. Watu walipomwuliza kama hatamani kupanda juu akajionee, aliwajibu kwamba mpishi naye hushiba kwa harufu. Huo ni uongo, mpishi yeyote atakwambia, lakini Arlys alipika katika shule ya sekondari ya Osterfeld kwa miaka ishirini na tisa na hapakuwa na mtu mjini wa kumbishia mambo ya jikoni.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu waje kula bila kipaza sauti. Alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa lililo maili sita kutoka uwanjani, akaolewa na Vernon Tesmer, dereva wa lori la jibini, na hakuwahi kuishi kwingine. Vernon ndiye aliyekuwa na ugonjwa wa tarumbeta. Ujanani alipiga katika kikosi, akaizunguka nchi kwa basi viangazi vitatu akilala kwenye sakafu za shule, na hata uzeeni ukimpa kijiko alikishika kama mtu anayetaka kukipuliza. Arlys yeye aliingia katika mambo haya kwa njia ya sufuria. Kiangazi kimoja lori la chakula la kikosi fulani liliharibika njiani, vijana mia moja na thelathini wakakaa kwenye nyasi za shule na njaa yao, na Arlys akafungua jiko la shule bila kumwuliza mkuu wa shule. Aliwapa tambi, mahindi mabichi ya kuchemsha na siagi, na maziwa baridi, mpaka wakabaki wanachekacheka ovyo. Mwaka uliofuata akapewa na kazi ya tiketi. Hakuna aliyemteua rasmi, na hakuna aliyewahi kujaribu kumwondoa.

Sasa, ukitaka kujua kwa nini mtu atoke Ohio aendeshe gari kwa saa tisa kuja Osterfeld, mji wenye vituo viwili vya mafuta na hoteli moja ambayo ubaya wa vitanda vyake unajulikana hadi Minnesota, itabidi uwaulize mashabiki wenyewe, nao hawatakubaliana. Wapo watakaokwambia ni jukwaa. Limejengwa kwa mwinuko mkali kama ngazi ya ghalani, na mbele yake hakuna njia ya wakimbiaji, kwa hiyo ukikaa safu ya ishirini, katikati, unaliona umbo zima ambalo vijana mia na hamsini wanalichora kwa miguu yao kwenye nyasi, na bado tarumbeta zinakupiga kifuani. Wengine watasema ni bustani ya nyuma, ambako vikosi hujipasha moto kabla ya kuingia kushindana. Hakuna kamba wala mlinzi. Ukitaka kusimama hatua mbili kutoka kwa wapiga ngoma mpaka meno yagongane, simama, ni meno yako. Na wako wazee wanaosema wamefuata soseji za kuchoma na jibini ya kukaanga, lakini hao tuwaache.

Mimi nitakwambia ni ukimya. Jioni ya onyesho kiwanda cha jibini huzima mafeni yake ya juu ya paa kwa saa tatu, mchungaji wa Kilutheri huifunga kengele yake kamba, na hakuna mtu anayekata nyasi. Si sheria, haikuandikwa popote. Ila ukiwasha mashine yako ya nyasi jioni ile, jirani atakuja asimame uani kwako, akutazame tu bila neno, mpaka uizime. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na Osterfeld haikuwahi kubandika tangazo hata moja nje ya wilaya yake.

Hata hivyo mtu harudi mahali miaka thelathini kwa ajili ya zege na ukimya. Walirudi kwa sababu Arlys aliwajua. Alijua goti gani linataka kiti cha pembeni, nani ameachana na nani na hivyo wasikutanishwe safu moja, na nani ana kofia pana kiasi kwamba nyuma yake apangiwe mtu mrefu. Mtu alipiga simu Machi, akasema jina lake la kwanza tu, na Arlys akamwuliza hali ya mbwa wake.

Desturi ya mito ya kukalia ilianza kwa ajili hiyo hiyo. Mzee mmoja wa Iowa, Halvard Stenrud, alifariki wiki moja kabla ya onyesho akiwa amekwisha pangiwa kiti chake cha siku zote. Arlys alishindwa kukiuza. Akaweka juu yake mto mdogo wa bluu wa kukalia, na wenzake wa safu ile walipouona wakavua kofia; mmoja akashuka hadi kibandani kumshika mkono. Basi ikawa ndiyo sheria ya Osterfeld: shabiki akifa, kiti chake hukaa mwaka mmoja na mto wa bluu, na hakuna wa kukigusa. Ilikuwa desturi nzuri. Ubaya wa desturi nzuri ni kwamba hakuna anayethubutu kuiwekea mpaka. Mjane akilia dirishani aongezewe mwaka wa pili, Arlys amkatalie kwa mdomo gani? Na mashabiki wa tarumbeta hawazidi kuwa vijana. Kiangazi ninachokisimulia, mito ilikuwa imejaa katikati ya jukwaa, kwenye safu zile ambazo mtu angeuza ng'ombe azipate. Mmoja ulikuwa wa Vernon. Alifariki Februari, na ardhi ilikuwa imeganda hivi kwamba walisubiri siku tisa kumzika.

Mwaka huo huo makao makuu, wale wanaopanga ziara ya vikosi, walitaka kupunguza miji. Kulikuwa na jiji lenye uwanja mpya, wenye paa na kiyoyozi, lililoitaka Jumamosi ya Osterfeld. Kipya kinyemi. Barua ikaja kwamba atatumwa mkaguzi siku yenyewe ya onyesho, ataangalia kila kitu, na neno lake ndilo litakaloamua kama vikosi vitakuja tena au la. Osterfeld ikapagawa. Vyoo vilipakwa rangi mara mbili. Mwenye hoteli alinunua magodoro manne, akayaweka katika vyumba vya mbele. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Duane Tesmer, mdogo wake Vernon, fundi bomba, mtu mwembamba mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao, na wiki ile alipungua mpaka suruali ikawa inashikiliwa na imani.

Mkaguzi alifika saa nane mchana, peke yake, kwa gari la kukodi. Jina lake Marisol Quintero, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye viatu vya michezo na daftari. Hakuwa na majivuno wala hakuwa na tabasamu la bure. Alikula soseji moja akaimaliza, akaenda bustanini akasimama karibu na wapiga ngoma muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Duane aliyekuwa akimnyemelea kwa nyuma akaanza kupata matumaini. Kisha onyesho likaanza, saa moja jioni, na mkaguzi akasimama kwenye ngazi ya katikati ya jukwaa, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu.

Vikosi viwili vilikuwa vimekwisha pita Duane alipoingia kibandani akifuta uso kwa kofia yake.

"Shemeji, yule mama anahesabu viti."

"Ahesabu. Vipo vyote."

"Anahesabu vilivyo wazi. Thelathini na saba, katikati kabisa. Kaniuliza, mbona mmeniandikia kwamba tiketi zimeisha?"

"Ungemweleza."

"Nimemweleza. Akaniuliza, kwa hiyo viti bora mmewauzia marehemu? Nikamwambia hapana mama, hatujawauzia, tumewapa bure." Duane akaketi juu ya kreti la soda. "Niliposikia maneno yanavyotoka mdomoni mwangu, nikanyamaza."

Arlys hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Alimwuliza mkaguzi alisema nini baada ya hapo. Duane akasema hakusema, aliandika. Akamwomba shemeji yake waondoe mito sasa hivi, kabla ya mapumziko, wajaze viti kwa watu wa pembeni. Arlys akamwambia hizo tiketi si karatasi, ni ahadi. Alikwisha waambia wajane kwa sauti yake mwenyewe kwamba viti vya waume zao vimelindwa.

"Asiyekuwapo na lake halipo, shemeji," Duane akasema.

"Lirudie hilo huku ukimtaja Vernon."

Duane akatazama sakafu. "Vernon alikuwa kaka yangu kabla hajawa mumeo. Nami sitaki mtu akalie kiti chake. Lakini tukilipoteza onyesho hili, viti vyote vitakuwa vya marehemu, hadi safu ya mwisho."

Pengine Arlys asingetikisika hata kwa hilo, maana alikuwa mgumu, na msiba ulimzidishia ugumu. Kilichomtikisa kilikuja dirishani wakati huo huo. Alikuwa mama mmoja wa Amarillo, Texas, amevaa fulana yenye jina la kikosi cha mwanawe, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kufika hapo. Alikuwa ameendesha siku mbili. Kijana wake alibeba ngoma kubwa kuliko zote, na kiti cha mama kilikuwa mwisho kabisa wa jukwaa, kwenye milingoti ya goli, ambako huoni umbo lolote ila mbavu za watu wanaopita. Hakuwa na ukali. Aliuliza kama pamepatikana chochote cha katikati, hata cha kusimama, maana kikosi cha mwanawe kinaingia baada ya mapumziko, na huu ni mwaka wake wa mwisho kabla hajavuka umri unaoruhusiwa kikosini.

Arlys alifungua mdomo aseme hakuna. Mara mbili alikwisha lisema jioni ile, kwa moyo mweupe, kwa sababu kwake kiti chenye mto kilikuwa kiti chenye mtu. Mara ya tatu neno likamkwama. Aliona aibu ghafla, aibu ya kweli, ya kuwaka masikio. Yeye aliyewahi kufungua jiko la watu kulisha watoto asiowajua, leo anamnyima mama kiti ili mto ukae.

"Ngoja hapo hapo," akamwambia. "Usiende popote."

Akateremsha ubao wa dirisha, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla ya kikosi cha mwisho tangu kibanda kijengwe, akamshika Duane mkono, wakapanda ngazi.

Mapumziko yalikuwa ndiyo yameanza. Jua la Julai lilikuwa bado halijazama, liko nyuma ya jukwaa, likiwaangazia uwanja bila kumchoma mtu macho. Arlys alijua safu zote kwa namba, lakini hakuwahi kuzipanda zikiwa na watu, na mwinuko ulimpa kizunguzungu kidogo. Alianza safu ya kumi na nane. Aliinua mto wa kwanza, akasema jina la mwenyewe kwa sauti ya chini, akampa Duane. Akainua wa pili. Alikuwa akingoja mtu amkemee, na kwa kweli angemshukuru mtu huyo, lakini hakuna aliyefungua kinywa.

Safu ya ishirini na tatu alikaa Elroy Gunderson, mkulima wa mahindi mwenye miaka themanini na mbili, na kushoto kwake mto wa rafiki yake Merle, waliyekaa pamoja na kubishana pamoja tangu ujana. Ule ulikuwa mwaka wa pili wa mto ule. Arlys mwenyewe ndiye aliyeuongezea mwaka, bila hata kuombwa, kwa kumhurumia Elroy. Akasimama mbele yake, akamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" Elroy akasema. "Miaka miwili nimekaa na huu mto, Arlys. Nikiusemesha hausemi. Nikisema majaji ni vipofu, unakubali. Merle hajawahi kunikubalia kitu maishani mwake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatufanyia wema. Nani anamkatiza mtu anayemfanyia wema?" Akausukuma mto kwa kiwiko. "Uchukue. Niletee mtu mwenye mdomo."

Arlys akampelekea mama wa Amarillo, ambaye kwa bahati alikuwa na mdomo. Dakika tano hazijapita wakawa wanabishana kuhusu kikosi kipi kilidhulumiwa mwaka jana. Baada ya hapo kazi ikaenda haraka. Duane alisimama pembeni mwa jukwaa akiita wazazi wa mbali, wa Georgia, wa Oregon, watu waliokuwa wamekaa kwenye mbavu za uwanja wakijifanya wameridhika, na Arlys akawapanga mmoja mmoja kama alivyopanga wengine maisha yake yote. Mwembamba hapa, mwenye mtoto pale, wewe mwenye kofia vua. Wazee waliokuwa wamezungukwa na mito walisogea, wakasalimiana na wageni, wakawaonyesha pa kutazama. Jukwaa likapata sauti nyingine. Arlys aliisikia sauti hiyo, na ikamwuma, kwa kuwa alielewa imekosekana siku nyingi na aliyeizima ni yeye kwa mikono yake.

Ukabaki mto mmoja. Safu ya ishirini na mbili, kiti cha kumi na moja. Arlys alisimama mbele yake, mikono ikakataa.

Duane alikuwa ameukumbatia mzigo wa mito mpaka kidevuni. "Hapa ninayo thelathini na mitano," akasema. "Na huo wa Vernon, thelathini na sita. Yule mama aliandika thelathini na saba."

"Kakosea kuhesabu."

"Hakukosea, shemeji," Duane akasema polepole, akaashiria kwa kidevu.

Kando ya kiti cha Vernon kulikuwa na kiti kingine kitupu, kisicho na mto. Cha kumi na mbili. Arlys alikijua, angekosaje kukijua, yeye ndiye aliyemwuzia. Kila mwaka Vernon alikuja dirishani, akapanga foleni kama watu wengine, akasema: viwili, kimoja changu na kimoja chako. Na kila mwaka Arlys alimchapia tiketi mbili, akamtania kwamba analipia koti lake kiti, kwani mwenzake ana kazi, labda mwakani. Mwaka huu, baada ya mazishi, alivitenga vyote viwili kwa mazoea, akaweka mto juu ya kimoja. Juu ya cha pili hakuweka kitu. Mwenyewe yu hai.

Mkaguzi alikuwa amepanda hadi hapo, daftari mkononi. Aliwaona wale watu wapya katikati, na alimwona Arlys. Alimwuliza kama yeye ndiye Bi Tesmer wa mito. Arlys akasema ndiye.

"Nina ukurasa mmoja hapa haujajazwa," Marisol Quintero akasema. "Maegesho nimeandika, vyoo nimeandika, vizuri sana, rangi bado mbichi. Huu unauliza kwa nini watu wanapenda kuja hapa. Nimewauliza watu ishirini, kila mtu ananiambia muulize Arlys. Kwa hiyo nakuuliza, mama. Kuna nini hapa?"

Arlys alifikiri aseme ukimya, au mwinuko, au bustani, maneno aliyoyasikia dirishani miaka nenda miaka rudi. Alikuwa mtu mkweli, na maneno yale yalikuwa ya watu wengine.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kukaa."

Mkaguzi akadhani ni mzaha. Duane akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba si mzaha. Kule chini kikosi cha kijana wa Amarillo kilikuwa kimekwisha jipanga pembeni mwa uwanja, kofia zimeinamishwa, na kiwanda cha jibini kilikuwa kimya, na jukwaa lote likaanza kunyamaza safu baada ya safu. Mtu wa nyuma akawaambia kwa adabu kwamba wanaziba. Arlys akauinua mto wa Vernon, akaupakata kifuani, akamwambia mkaguzi keti hapo kwenye cha kumi na moja, usisimame kama askari, huwezi kupima chakula kwa kutazama mlango wa jiko. Naye akaketi kwenye cha kumi na mbili.

Nisikuweke roho juu kuhusu barua ya uamuzi. Ilikuja Oktoba. Osterfeld ilipewa miaka mitatu mingine, kwa sharti kwamba hakuna kiti kitakachobaki wazi kwa sababu yoyote, na Duane aliisoma kanisani mpaka sauti ikamwishia. Makao makuu waliandika sababu zao kwa lugha ya makao makuu. Lakini mimi nilikuwa nataka kukuambia kuhusu zile dakika kumi na mbili za kikosi kile uwanjani.

Kwanza Arlys hakuona kitu. Aliona watoto wengi wanatembea. Kisha wakageuka wote kwa mara moja, na kile kilichokuwa fujo kikawa duara, duara likafunguka, likapita katikati yake duara jingine bila mtu kumgusa mtu, na Arlys akasikia mkono wake umeushika mkono wa mgeni. Bendera ziliruka zikakamatwa. Ngoma kubwa, ile ya mtoto wa Amarillo, ilipiga chini ya kila kitu, na pigo lile alilijua, lilikuwa limempanda miguuni miaka thelathini na sita, ila hakujua kwamba huku juu lina umbo. Mwishoni wapiga tarumbeta walikusanyika mstari mmoja mrefu, wakaja mbele, karibu, karibu zaidi, wakainua midomo ya tarumbeta zao kuelekea jukwaani na kupuliza kwa nguvu zote walizobakiwa nazo. Kwa yule aliyekaa safu ya ishirini na mbili, sauti ile si ya kusikia. Inakusukuma kifua mpaka uegemee nyuma. Watu wote walisimama wakipiga kelele. Mama wa Amarillo alikuwa akilia bila kujifuta. Mkaguzi naye alikuwa amesimama, na daftari lilikuwa limeanguka chini ya kiti.

Arlys hakusimama. Aligeuka kushoto amwambie Vernon.

Hata hakufikiri, aligeuka tu, mdomo wazi, na alikuta mwanamke wa viatu vya michezo. Elroy Gunderson, aliyekuwa safu ya nyuma, alimwona. Akainama, akamwekea mkono begani.

"Na yeye alikuwa anafanya hivyo hivyo," Elroy akasema. "Nimekaa nyuma yake miaka ishirini. Kila kikosi kikimaliza aligeuka upande huo wako aseme neno, akakuta koti. Akacheka kidogo, akageuka tena."

Kikosi kilikuwa kinatoka uwanjani kwa mpigo wa ngoma moja. Marisol akaketi, akamtazama, akamwuliza kama yu mzima, kama amletee maji.

"Nilikuwa hapo chini," Arlys akasema. Alikuwa bado ameukumbatia mto. "Mita kumi na tano. Nilikuwa nalinda viti vya watu waliokufa."